Mzee Kwambura na Fanta Isiyofunguliwa

Ukiona watu wa ukoo wako wanakufuata sokoni asubuhi, wamevaa viatu vya kanisani, na mmoja wao amebeba Fanta moja tu, ya kwako peke yako, shika mali yako vizuri. Kuna kitu wamekuja kuchukua. Mzee Hategekimana, fundi cherehani wa soko la Kamembe, aliliona hilo akiwa bado na pini mbili mdomoni, na kabla hawajafika akauvuta mkasi wake karibu.

Walikuwa wawili. Mbele alitangulia Honorine, mjane wa mdogo wake, mama wa Bukavu mwenye sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo, ambaye karibu kila siku huvuka mpaka na mabeseni ya nyanya. Nyuma alifuata Delphin, binamu yao, mwenye duka la masufuria, mtu wa manukato na wa mikutano, ambaye safari hii alikuwa mwenyekiti wa komite ya harusi. Harusi yenyewe ilikuwa ya Jules, mtoto wa Honorine, na haikuwa mbali.

"Papa Divine," Honorine akaanza, maana nyumbani wanamwita kwa jina la binti yake wa kwanza, "unaamuka muzuri? Iyi Fanta ni ya kwako. Jua ni kali."

Asubuhi hiyo kulikuwa na manyunyu, na jua lilikuwa halijaonekana tangu juzi.

"Aksanti," akasema mzee. "Iweke pale."

Delphin akapangusa benchi kwa leso, akakaa, akakohoa. Akasema komite imekutana. Komite imeona mzee anachoka. Imeona macho yake, imeona mgongo wake, imeona nguo za ukoo mzima zinazomsubiri pale mezani. Hakuna fundi kama yeye Rusizi nzima, na pengine hata Bukavu. Kwa hiyo, kwa kumheshimu, komite imefikiri kumpumzisha kidogo. Kumpunguzia mzigo. Kumpa nafasi ya kukaa mbele pamoja na wazee, ale, anywe, afurahi.

Hategekimana alimwacha ampake mafuta kwa mgongo wa chupa mpaka mafuta yakaisha.

"Kunipumuzisha juu ya nini?" akauliza.

Delphin akamtazama Honorine. Honorine akaitazama Fanta.

"Juu ya mikro," akasema.

Hapo nieleze kidogo, kwa ajili ya msomaji ambaye hajawahi kula harusi ya kwetu. Siku ya kwenda kuomba binti, wenye watoto hawasemi. Kila upande unaweka msemaji wake, anasimama mbele ya watu wote na fimbo mkono mmoja na kipaza sauti, ndiyo hiyo mikro, mkono wa pili. Wasemaji hao wanabishana, wanakanushana, wanatozana faini, wanachekesha watu mbavu ziume, mpaka mwishoni binti anatolewa. Tangu ukoo wao ulipovuka kurudi Rwanda kutoka Bukavu, msemaji wao alikuwa Hategekimana. Na Jules hakuwa mtoto wa ndugu tu. Baba yake alikufa Jules akiwa bado anatambaa, na aliyemlea, akampeleka shule, akamchapa alipostahili na wakati mwingine asipostahili, ni huyu mzee. Kumsemea Jules ndiyo harusi aliyokuwa akiingoja. Hotuba yake ilikuwa tayari kichwani, alikuwa akiisema kimyakimya kila anapokanyaga cherehani.

"Bien," akasema. "Museme basi vizuri. Munataka kuninyanganya mikro."

"Aa! Papa Divine!" Honorine akaruka. "Kunyanganya tena! Nani amesema kunyanganya?"

"Alors ni neno gani?"

"Kupumuzisha," akasema Delphin.

"Kupumuzisha ni ya muntu mwenye anaomba kupumuzika. Mi siombi."

"Basi kukusaidia."

"Kunisaidia kubeba mikro? Inakuwa na kilo ngapi?"

Delphin akajaribu kubadilisha zamu, akajaribu kupisha vijana, akajaribu neno refu la Kifaransa lililoanza na *responsabilité*. Mzee akayapima yote akayarudisha. Wala msidhani ulikuwa ubishi wa uzeeni. Huyu mzee ni mtu aliyeporwa maisha yake yote, na hakuna jambo analolijua kwa karibu kama maneno ambayo watu huyatumia wanapokuondolea kitu chako.

Akiwa mtoto Kadutu, ng'ambo kule Bukavu, mkubwa wake alikuwa akimkwapulia kipande cha muhogo mkononi na kukimbia. Huko ni kukwapua, na dawa yake ni miguu. Alipokuwa kijana na cherehani yake ya kwanza, watu wenye bunduki waliingia kibandani, mmoja akasema "Leta." Ilikuwa neno moja tu. Walipora cherehani, lakini mpaka leo mzee anasema wale hawakumdanganya. Baadaye mtu wa mpakani alimwambia kwamba vitenge vyake "vimesaisiwa", na kwa sababu neno lilikuwa la kiofisi akasema asante, akafika nyumbani ndipo akagundua ameshukuru kuibiwa. Hilo ndilo lililomuuma zaidi. Marehemu mkewe alimwondolea tumbaku kwa kumwambia anamtunzia kopo lake, akalitunza mpaka wote wawili wakasahau lilipo. Kisha ugonjwa ukamnyang'anya mke, na padri akasema amepumzishwa. Mzee alimheshimu padri, lakini siku ile makaburini alijua kabisa kwamba amenyang'anywa, na kwamba hakuna neno lingine.

Kwa hiyo akawaambia wale wawili jambo ambalo baadaye lilizunguka soko zima.

"Sikieni. Siku mumoja wenu atanitazama hapa usoni, aseme: Papa Divine, tunakunyanganya. Ile siku nitaitoa kwa mikono mbili, na sitasema kitu. Na Fanta nitakunywa. Mbele ya ile siku, hapana."

Ni neno la silabi chache, kila mtoto wa Kamembe analisema mara kumi akicheza. Delphin akaikunja leso yake. Honorine akajifunga kitenge upya kiunoni. Wakaaga, wakaondoka, na Fanta ikabaki rafuni kati ya mabunda ya nyuzi, haijafunguliwa. Maana kwetu kinywaji kinacholetwa pamoja na maneno hakinywewi ovyo. Ukikinywa umeyakubali maneno. Mabinti wa watu wametolewa hivyo hivyo, kwa chupa moja iliyofunguliwa mbele ya mashahidi.

Sasa, msiwalaumu sana. Nao walikuwa na sababu yao, na sababu hiyo ilikuwa na jina.

Mwaka uliotangulia mzee alikuwa msemaji katika harusi ya mtoto wa Delphin mwenyewe, kule Cyangugu chini, karibu na ziwa. Kinyarwanda chake ni kile alichonyonya kwa mama yake huku nje ya mlango kila mtu akisema Kiswahili. Kinamtosha kwa sala na kwa kupima kiuno. Siku ile alisema vizuri, watu walicheka pale alipotaka wacheke, na alipofika mwisho akataka kuwaahidi wenye binti kwamba mtoto wao atavikwa vizuri. Kwa Kinyarwanda kuvika ni *kwambika*. Lakini mjini hapa mtu anaposhona nguo za watu wasiolipa, neno analolisikia mchana kutwa ni *kwambura*. Yule kaninyang'anya, huyu kaninyang'anya, kanyambura, kanyambura. Na *kwambura* hiyo hiyo, kabla haijawa kunyang'anya, ni kumvua mtu nguo. Neno lilikuwa limemkaa ulimini, likatoka lenyewe.

"Umukobwa wanyu," akasema mzee kwenye kipaza sauti, mkono kifuani, "tuzamwambura neza!"

Yaani: binti yenu, tutamvua nguo vizuri sana.

Kisha bibi mmoja wa upande wa pili akajikusanyia nguo yake mpaka shingoni, na hapo mahema yakalipuka. Mpiga ngoma alilala chini. Padri alijifanya anatafuta miwani. Wenye binti wakatoza faini ya kreti mbili za bia, wakazipata, na Delphin akazilipa kwa uso wa mtu aliyevuliwa yeye. Tangu siku hiyo mzee akawa Mzee Kwambura. Wateja wakija wanauliza kwanza kama leo anavika au anavua. Naye anajibu kwamba inategemea kama wamekuja na cha kumlipa. Hakuchukia. Ila usiku hotuba ikimrudia kichwani, alikuwa akilirudia neno lile moja, polepole, mpaka alipolala.

Basi zikapita siku. Jules akaja kupimwa suti. Ni kijana mrefu, fundi wa simu pale karibu na kituo cha mabasi, na hana hila, akiwa na jambo linaonekana masikioni. Masikio yalikuwa mekundu.

"Papa," akasema, mikono ameinua huku futi ya kupimia ikimzunguka kifua, "ni ba Maman na ba Delphin. Mi sikusema kitu."

"Najua. Vuta pumuzi."

"Banasema bakwe batatucheka."

"Na wewe unasema nini?"

Jules akatazama viatu vyake, na hilo lilimkata mzee maini kuliko Fanta yote. Akaandika kipimo cha kifua, akapima mguu. Akaona kwamba mguu wa kushoto wa kijana bado umezidi wa kulia kidogo, kama ulivyokuwa siku alipomshonea kaptura ya kwanza ya shule. Alimshonea ya ubatizo, ya shule, ya komunyo, na ile ya kuombea kazi. Akamwambia ageuke.

Siku chache baadaye wakaleta mrithi wake. Neno hilo la mrithi ni langu, wao walimwita *animateur*. Aliitwa Hirwa, kijana msafi mwenye viatu vilivyochongoka, ambaye kazi yake ni kusema kwenye harusi za watu, na Kinyarwanda chake kilikuwa kitamu mpaka wauza mboga wakaacha kuuza. Wakataka mzee amshonee *umwitero*, lile shuka la sherehe linalopita begani bila shati ndani, ambalo siku hizi mafundi hulishonea kabisa pale begani lisiteleze msemaji anapoinua fimbo.

Angalieni ujasiri wa watu hawa. Wamemwondolea mtu kipaza sauti, kisha wanamletea anayekichukua amvike.

Hirwa alikuwa na adabu, ndiyo shida yake. Alimwamkia mzee kwa mikono miwili, akamsifu kazi, akasema, "Mzee, mimi nimeitwa tu. Sikujua ni nafasi ya mtu." Mzee akampima, akaona kwamba chini ya shati kijana amevaa singlendi ya timu ya mpira, yenye tundu. Akalikumbuka tundu hilo siku kadhaa.

Mafundi wana mshono unaoitwa bandi. Ni uzi wa muda, wa kushikiza kitambaa mpaka mshono wa kweli upite, na ukishapita unauvuta bandi unatoka wote kwa mkupuo mmoja. Mzee alilishona lile shuka kwa ustadi wote. Upindo ulikuwa safi, kingo zimenyooka. Begani akapiga bandi, akasema mshono wenyewe ataupitisha kesho. Kesho ikaja, akashona vitu vingine. Delphin alipotuma mtu kuchukua nguo, mzee akalikunja shuka kwa uangalifu, bega likiwa ndani, akalifunga kwa gazeti. Sitasema alisahau. Alilifunga huku akipiga mluzi.

Siku ya harusi ikafika, kwenye bustani moja juu ya ziwa, mahema mawili yakitazamana, nyumba za Bukavu zikionekana ng'ambo zimepandana mlimani. Mzee aliwekwa mbele kama alivyoahidiwa, kwenye kiti chenye kitambaa, kati ya wazee wawili waliokuwa wamekwisha sinzia. Alikuwa amevaa koti lake la kazi nzuri, na kwenye ukosi pini zake tatu, maana bila pini anajiona hajavaa.

Hirwa akasimama, akaanza. Nitamtendea haki: alijua kusema. Aliomba, akanyimwa, akabembeleza, akasifia ng'ombe ambao hajawahi kuwaona. Kila alipoinua fimbo, mzee alilitazama bega. Mara ya kwanza uzi ukalegea kidogo. Mara ya pili akauona umechungulia, mweupe, kwa mtu anayejua pa kutazama. Furaha ilimpanda mzee mpaka ikabidi ajikohoze. Alikuwa akiiona singlendi yenye tundu ikitoka mbele ya padri, na akaiona komite ikitafuta shimo la kuingia.

Kisha akageuza macho akamwona Jules. Kijana alikuwa amekaa katikati ya wasimamizi wake ndani ya suti ya kijivu, amebana mikono magotini, na hakuwa akimtazama Hirwa hata kidogo. Alikuwa akimtazama yeye. Masikio mekundu yale yale. Na mzee akaelewa kwamba shuka likianguka, hakuna atakayemcheka Delphin wala Hirwa. Watasema: harusi ya Jules. Watasema hivyo miaka, watairudia kwenye simu zao, zile zile ambazo Jules anazitengeneza. Aibu ilimshika mzee kwelikweli, ile ya kutoa jasho mgongoni. Akaanza kuomba uzi ushike. Kama mtu yeyote siku hiyo aliomba kwa moyo kwenye bustani ile, ni yeye, na aliombea bandi.

Ndipo msemaji wa upande wa bibi harusi akasimama. Alikuwa mzee mwerevu mwenye macho ya utani.

"Tumekusikia," akasema. "Lakini tuna woga. Bibi yake binti yetu Josiane, nyogokuru Mukandori huyu hapa, ameambiwa kwamba katika ukoo wenu kuna mzee anayewavua nguo mabinti wa watu. Anasema Josiane hatoki ndani mpaka mzee huyo asimame tumwone."

Mahema yakacheka. Delphin akageuka rangi. Nyogokuru Mukandori, mdogo kama mtoto ndani ya nguo zake nyeupe, alitikisa kichwa kukubali, amefurahi kabisa.

Hirwa hakuwa ameambiwa habari hiyo, lakini kazi yake ni kujibu, na desturi inamruhusu kukana. Akaita sauti yake tamu kuliko zote.

"Mzee huyo hatunaye!" akasema. "Kwetu hayuko mtu wa namna hiyo! Naapa!"

Na ili aape vizuri, akainua fimbo juu kabisa.

Bandi ikatoka yote kwa mkupuo mmoja, kama inavyotakiwa kutoka.

Shuka lilianza kuteleza begani. Lakini mzee alikuwa amekwisha ondoka kwenye kiti, hajui mwenyewe lini. Alilidaka kabla halijafika kiwiko, akalivuta juu, akatoa pini ukosini, akalibana mara moja, mara ya pili, mara ya tatu. Kisha akalinyoosha bega kwa kiganja, kama anavyomfanyia mteja yeyote kabla ya kumwacha aende.

Watu wote walikuwa wanamtazama. Nyogokuru Mukandori akainama mbele.

"Huyu anayewavika watu," akauliza, "ni nani?"

Hirwa, ambaye alikuwa ametoka kuapa kwamba hayuko, akashusha fimbo. Na hapo Honorine akainuka upande wa pili wa hema. Alipita kati ya viti kama anavyopita mpakani akiwa na mabeseni, watu wakimpisha, akafika, akamtoa Hirwa kipaza sauti mkononi bila hata kumwambia samahani.

"Njo yeye," akasema, yaani ndiye huyo, na sauti ile ambayo haikuhitaji kipaza sauti ikaenda mpaka ziwani. "Njo ule muzee. Na njo baba ya Jules, alimulea tangu bwana yangu alikufa. Batu wangu, leo ilikuwa aseme yeye. Tulikuwa tunaogopa mutatucheka." Akamgeukia, akamtazama usoni kama alivyotaka. Machozi yalikuwa yamekwisha anza. "Papa Divine, tulikunyanganya. Mimi na Delphin. Haikuwa kukupumuzisha. Ilikuwa kunyanganya, na nilijua."

Akampa kipaza sauti.

Mzee alikishika. Hotuba yote aliyoikanyagia cherehani kwa miezi ilikuwa pale kichwani. Akaiacha. Akasema kwa Kiswahili, kile cha Kadutu, ambacho hakijawahi kumwangusha.

"Maman Mukandori, ni mimi. Kinyarwanda yangu iko na matundu. Nilisema neno mubaya, na bia tulilipa." Watu wakacheka kidogo, akawangoja. "Lakini muangalie huyu kijana. Ubatizo, ni mimi nilimuvalisha. Masomo, mimi. Leo, mimi. Hata kifungo moja yenye hakushonewa na mimi hakuna. Nilimukuta na kitambaa ya kubebea mugongoni, na muguu moja murefu kupita ingine, mpaka leo iko vile, mutaona akitembea. Sasa Josiane akikuya kwetu..."

Akavuta pumzi. Kila mtu alijua neno gani linafuata. Honorine alifumba macho. Wale wazee wawili walikuwa wameamka.

"Tu-za-mwa-mbi-ka," akasema Mzee Hategekimana, akiliweka kila kipande mahali pake: tutamvika.

Mahema yakapiga kelele kana kwamba timu imefunga. Nyogokuru Mukandori akapiga vigelegele kwa sauti ambayo hakuna aliyedhani anayo, akasema binti atoke, atoke sasa hivi. Jules alikuwa analia wazi, hajali suti.

Na mzee akatimiza ahadi yake. Hakuna aliyemdai, hata Honorine alikuwa amekwisha sahau. Lakini yeye alikuwa amesema, na neno lilikuwa limesemwa usoni. Akakishika kipaza sauti kwa mikono miwili, akakiangalia kidogo, akampa Hirwa.

"Maliza kazi," akamwambia. "Na usiinue mukono sana."

Jumatatu Hirwa akaja sokoni na shuka kwenye mfuko. Alikuwa ameukuta uzi.

"Mzee, huu ni mshono gani?"

"Bandi."

"Ulisahau?"

"Hapana."

Hirwa akauzungusha uzi kidoleni. Kisha kicheko kikamtoka polepole, akakaa benchini, akacheka mpaka akashika goti la mzee. Akauliza kwa nini basi hakumwacha avuliwe. Mzee akasema Jules alikuwa anamtazama. Hirwa akalikunja shuka. Akasema tu kwamba harusi inayofuata ni ya watu wa Bukavu, na Kiswahili chake yeye ni cha redioni, kama mzee atapenda kumrekebisha pale jioni. Mzee akamwambia jioni ana kazi, aje asubuhi.

Kisha akanyoosha mkono rafuni, akaitoa Fanta ya kati ya nyuzi, akaipangusa vumbi, akaifungua kwa mpini wa mkasi. Ilikuwa ya moto, na gesi ilikuwa imechoka. Akainywa taratibu. Kipaza sauti kilikuwa kimekwenda na hakitarudi, alijua, na ilimuuma. Harusi nyingine zitakuja, na yeye atakaa mbele na wazee wanaosinzia. Lakini alikuwa amekitoa mwenyewe.

Honorine alipita na mabeseni yake akielekea mpakani, akamwona, akasimama katikati ya njia watu wakimgonga.

"Papa Divine. Unakunywa?"

"Nakunywa."

"Iko muzuri?"

"Ni ya moto."

"Nikuletee ingine?"

"Hapana! Ukileta ingine nitauliza sasa munataka nini."

Honorine akacheka, akapangusa macho kwa kitenge. Akangoja mpaka alipomaliza tone la mwisho, kisha akanyoosha mkono, kwa sababu chupa ina mwenyewe kule dukani.

"Papa Divine," akasema, akimtazama hapo usoni, "niko nakunyanganya chupa."

Mzee akaitoa kwa mikono miwili.